Sahwira na Nguo za Ruvarashe

Zamani mtu akifa upande wa Gutu, sahwira, yaani mtani wa ukoo, ndiye aliyevaa nguo za marehemu na kuwachekesha wafiwa mpaka wakashika mbavu. Siku hizi kampuni ya mazishi inaleta hema, zulia la kijani na kijana wa tai anayesema pole kwa kipaza sauti huku akichungulia karatasi asikosee jina la maiti.

Zivanayi Gwenzi alikuwa sahwira wa ukoo wa Marozva. Hakuwa ndugu yao wala mkwe wao. Babu yake na babu yao walishikana urafiki wa utani, na utani huo ukarithiwa kama watu wanavyorithi pua. Kwa haki hiyo aliingia jikoni kwa Marozva bila hodi, akafunua sufuria, akachagua mnofu, kisha akalaumu chumvi. Kwa haki hiyo hiyo aliwaosha maiti wao, akapima makaburi yao, na muda wa matanga ulipokwisha akazigawa nguo za marehemu: koti kwa mdogo wake, kofia kwa mpwa wake, na viatu kwa yeyote ambaye miguu yake ilikubali. Hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuigawa hata soksi.

Kenias Marozva alipofariki, Zivanayi alikuta hema limeshasimama. Kenias alikuwa fundi wa mashine ya kusaga pale kituo cha biashara. Moyo ulimsimama asubuhi moja akiwa anamimina mahindi ya mteja. Mashine ilikuwa imemla masikio miaka mingi, kwa hiyo alizungumza na kila mtu kama anayemwita ng'ambo ya mto, na kabla ya kusema neno lolote alipandisha kwanza suruali.

Kijana wa tai alikuwa katikati ya hotuba yake Zivanayi alipotokea nyuma ya nyumba, amevaa ovaroli ya Kenias iliyojaa unga. Alipandisha suruali. Akamwuliza kijana kwa sauti ya kupasua ngoma za masikio kama hayo mahindi ni yake na kama ameyapepeta, maana mawe yanaharibu mashine. Kijana akasema samahani, mzee, tuna ratiba. Zivanayi akapandisha suruali tena, akasema hamjui Ratiba, ni mtoto wa nani? Kisha akalivuka zulia la kijani, akaingia kaburini, akajilaza humo na kusema hatoki mpaka apewe jogoo, na jogoo mwenyewe awe mwekundu.

Watu walicheka. Mjane alicheka akiwa ameuma kanga yake. Lakini hakuna aliyecheka kama Ruvarashe, binti wa marehemu, msichana wa miaka kumi na sita. Alicheka akiwa amejikunja, machozi yanamtiririka, mpaka shoga zake wakamshika mabega asianguke. Akina mama waliokaa mkekani wakatazamana, wakaafikiana kwamba huyu mtoto amepona. Ndivyo watu wa kule wanavyojua: mfiwa akishacheka mbele ya sahwira, mzigo umetua, watu wakale.

Jogoo akaletwa. Hakuwa mwekundu.

Ruva, kama walivyozoea kumwita, alikuwa mtoto pekee katika ukoo ule aliyeweza kumrudishia Zivanayi matusi yake. Wengine walicheka na kukimbia. Yeye alisimama, akaweka mkono kiunoni, akajibu. Siku moja, kabla ya msiba, mzee alikuwa amefunua sufuria ya ugali, akauliza, "Hii sadza umeipika au umeichimba?"

"Nimeichimba, babu," Ruva akasema. "Meno yako mawili yaliyobaki yamekaa bure muda mrefu. Nikaona niyatafutie kazi."

Zivanayi alilibeba jibu hilo kijiji kizima akilisimulia kwa fahari, kana kwamba amelitunga mwenyewe.

Miezi michache baada ya mazishi aliingia tena jikoni, akafunua sufuria, akasema mboga ya karanga inanuka kama soksi za polisi. Ruva aliinua macho. "Samahani, babu," akasema. "Nitapika nyingine."

Mzee alibaki ameshika tonge mkononi asijue alipeleke wapi. Mtani hamwombi mtani wake radhi. Akajaribu tena wiki iliyofuata, akamtukania nywele, akamtukania mwendo, akamtukania hata timu yake ya netiboli. Samahani, babu. Ndiyo, babu. Ni kweli, babu.

Alimwambia Mama Ruva kwamba mtoto ameharibika. Mama Ruva akashangaa. Akamwambia ni kinyume chake, mtoto ametengenea. Hapigi kelele, hajibizani, anafagia kabla ya kutumwa. Ni kweli ameacha netiboli, na ni kweli akitoka shule analala mpaka giza liingie, na chakula chake mara nyingi kinaishia kwa mbwa, lakini si amefiwa na baba? Kila mtu ana namna yake ya kulia. Mama Ruva mwenyewe alikuwa na uso wa mtu aliyesahau kulala ni nini, na Zivanayi hakuweza kumgombeza.

Zamani jambo kama hilo lilikuwa la shangazi. Dada wa baba alifika na kitambaa chake kichwani, akafunga mlango, akalala mkeka mmoja na binti, na hakuondoka mpaka amejua kila kilichomo kifuani mwa mtoto. Shangazi wa Ruva, Eneresi, alikuwa mjini Gweru, ameajiriwa dukani. Alituma ujumbe wa sauti wenye maombi, pamoja na picha za maua. "Shangazi yenu anakaa ndani ya simu," Zivanayi alimwambia Mama Ruva. "Mkimhitaji lazima kwanza mumchaji."

Hakuwa na maneno mazuri zaidi kwa nesi mmoja wa hospitali ya wilaya. Aliitwa Muchaneta, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, na kazi yake ilikuwa kukaa na vijana na kuwasikiliza. Alikuwa amekwenda shuleni kuwaeleza wanafunzi kwamba huzuni nayo huugua mpaka ikahitaji mtabibu. Zivanayi alipopata habari hizo alisema dunia imekwisha, kuna mtu analipwa mshahara kwa kusikiliza, na mbuzi wake anamsikiliza kila siku bure, tena kwa makini, bila kutazama saa.

Jumamosi moja alikwenda uwanja wa shule kutazama netiboli, maana wasichana walicheza vizuri zaidi akiwatukana. Alipata nafasi kwenye benchi, akamwona mlinzi wa goli anaruka. Viatu vile alivifahamu. Vilikuwa na kamba ya zambarau, na Kenias ndiye aliyevinunua mjini Masvingo. Akatazama kando ya uwanja. Msichana mwingine alikuwa amevaa sweta la Ruva la kijivu. Wa tatu alikuwa na gauni lake la kanisani, amelifunga kiunoni kama si kitu.

Akauliza. Wakamwambia Ruva ndiye aliyewapa, kila mmoja na chake, na hakutaka kitu. Mama mmoja pale pembeni akasema mtoto yule amerithi mkono wa baba yake, hauna kizuizi. Mwingine akasema Mungu atamwongezea. Zivanayi naye alifungua mdomo aseme neno la kuchekesha kuhusu ukarimu wa Wamarozva, ambao hata jogoo mwekundu aliwashinda.

Badala yake akainuka kwenye benchi.

"Alisemaje alipokupa?" alimwuliza mlinzi wa goli.

"Alisema hana kazi navyo tena."

Zivanayi alikuwa amegawa nguo za Wamarozva tangu akiwa kijana. Alijua nguo zinagawiwa lini. Aliondoka uwanjani akitembea, kisha akawa anakimbia, mzee mzima, kofia mkononi, na watoto wakamfuata wakidhani ni mchezo mpya.

Alimkuta Ruva anafagia uwanja uliokuwa safi tayari. Mzee alishika nguzo ya jiko mpaka pumzi iliporudi, akawafukuza watoto, kisha akakaa chini kwenye vumbi pale pale alipokuwa anafagia, ili asiweze kuendelea.

"Katika nyumba hii mgawa nguo ni mimi," akasema. "Leo nimeona nguo zimegawiwa na mimi sijaitwa. Nani amekufa?"

Ruva alitabasamu, tabasamu lile la adabu. "Hakuna, babu. Nimewapa tu."

"Mimi ni sahwira. Naruhusiwa kuuliza lisiloulizwa, na wewe huruhusiwi kunikasirikia. Unataka kufa, Ruva?"

Fagio lilisimama. Zivanayi alingoja, na kungoja hakukuwa kazi aliyoizoea. Mwishowe msichana akachuchumaa mbele yake, akajishika magoti.

"Nimechoka, babu. Sijui kama nataka kufa. Nataka tu isije kesho." Akasema kwa sauti ndogo zaidi, "Siku ile nilicheka. Baba yuko ndani ya sanduku na mimi nacheka. Na kwa kuwa nilicheka, kila mtu akaona basi, imekwisha. Nikiwa mbele ya watu nacheka. Kule ndani hakuna kitu."

Zivanayi alikuwa na vichekesho vya kila namna, vya harusi, vya msiba, vya kesi kwa mtemi. Alipekua vyote. Akasema tu, "Umefanya vizuri kuniambia. Siondoki hapa." Na hakuondoka. Alipokwenda msalani alimwita mbwa, akamwamuru Ruva amshike mbwa huyo sikio mpaka arudi, na kama sikio likiachwa atajua, maana mbwa atamweleza.

Kona moja ya mdomo wa Ruva ikasogea.

Mama Ruva aliporudi kutoka bustanini na beseni la mboga ya rape kichwani, aliambiwa yote, mtoto mwenyewe akiwa amekaa hapo. Beseni liliteleza. Aliyaacha majani chini, akamkumbatia bintiye, kisha akaanza kusema la kufanya, yote kwa pamoja: nabii wa kule mlimani, au wafunge na kusali, au wamngoje Eneresi mwisho wa mwezi. Eneresi alipigiwa simu. Alilia, akasema atakuja, akasema wamngoje.

Zivanayi akaichukua simu. Kwa namna aliyokuwa akiwasema watu wa hospitali, Mama Ruva alitegemea atakubali kungoja.

"Eneresi, njoo. Lakini hatukungoji," akasema. "Sali hukohuko, na mimi nitasali ndani ya gari. Kazi yangu ni kuchekesha watu. Mtu nikimchekesha akacheka, kisha akaenda kugawa nguo zake, basi ugonjwa wake umenizidi kimo. Tunakwenda kwa yule mama wa hospitali, leo."

Walipanda lori la mnunuzi wa mahindi. Mama Ruva na bintiye walikaa mbele, Zivanayi nyuma juu ya magunia, akigonga paa kila lilipopita shimo ili kumwarifu dereva kwamba hilo pia amelipata. Dereva alijibu kwa honi. Kufika hospitalini mzee alikuwa mweupe wa vumbi kuliko Kenias alivyopata kuwa.

Muchaneta hakuwa zamu siku hiyo. Aliitwa kutoka nyumbani, akaja na kandambili, mikono bado ina harufu ya vitunguu. Aliwasikiliza kidogo wote watatu, kisha akamchukua Ruva chumbani na kufunga mlango. Zivanayi aliinuka awafuate. Mlango ulikuwa umefungwa kweli. Katika ukoo wa Marozva hakuna mlango uliowahi kufungwa usoni pake, na aliuangalia huo kama mtu anayemwangalia ndugu aliyemkana. Akazunguka nje hadi dirishani. Mfagiaji akamkuta hapo amesimama juu ya ndoo iliyopinduliwa, akamwambia aishuke ndoo yake, babu, kazi inamngoja.

Mlango ulipofunguliwa baada ya muda mrefu, Ruva alikuwa na macho mekundu na anakunywa chai. Muchaneta akakaa na wakubwa. Hakutumia maneno magumu. Alisema mtoto hana wazimu, na hajarogwa, wala si mvivu. Kulia kwa mfiwa ni jambo la kawaida na halihitaji hospitali. Linahitaji watu, chakula na muda. Lakini huzuni ikikaa wiki juu ya wiki, ikamnyang'anya mtoto usingizi na chakula na shule na rafiki na mchezo alioupenda, hapo mtu aliyefunzwa aitwe. Na mtoto akisema hataki kuishi, au akaanza kuaga na kugawa vitu, hapo hakuna kungoja hata kesho. Mmefanya vema kuuliza waziwazi, akasema. Kuuliza hakumtii mtoto wazo kichwani. Kunamfungulia njia ya kulitoa. Akawaambia kwa sasa asiachwe peke yake, na dawa za shambani na vyote vya hatari viondolewe nyumbani, na yeye atamwona kila wiki, na usiku wowote wakiogopa waje bila kuona haya. Daktari akisha kumwona, wangejua kama anahitaji na dawa.

Zivanayi alisikiliza yote. Halafu akauliza, "Wewe ni nani kwa Wamarozva? Mimi ni mtani wao. Huyu ni mama. Yule wa Gweru ni shangazi. Wewe?"

"Mimi si mtu kwao, babu," Muchaneta akasema. "Ndiyo faida yangu. Wewe akikuona anajua anatakiwa acheke. Mama yake akimwona anajua asilie, mama asije akavunjika. Mimi sitaki kitu kwake. Akilia, analia, sifi."

Mzee akaichukua kofia yake. "Basi kazi yangu imekwisha."

"Nani kasema? Mimi ninaye saa moja kwa wiki. Zilizobaki ni zenu."

Kesho yake Zivanayi alikwenda kuzirudisha nguo. Hakuna aliyemtuma. Aliingia nyumba kwa nyumba, akasimama mlangoni kama hakimu na kutangaza kwamba pametokea kosa katika ugawaji, mwenye mali amepatikana hai, na urithi umefutwa. Wasichana walikuwa wamekwisha kuelewa wenyewe, na wengine walizileta nguo zimefuliwa na kunyooshwa, huku wanalia na kucheka. Mlinzi wa goli alivua viatu papo hapo akabaki pekupeku, akamfuata mzee nyuma. Kisha wakafuata wengine. Njia nzima walimtania, wakimwambia avae basi lile gauni la kanisani, ajaribu na sweta, tumwone.

"Nguo za mtu aliye hai sivai," Zivanayi akasema, na alizibeba mbele yake kwa mikono iliyonyooka, kama mtu aliyebeba mayai.

Walifika kwa Marozva kundi zima. Ruva aliona nguo zake, akaona wenzake, akajifunika uso kwa mikono. Hakucheka, na safari hii hakuna aliyemngoja acheke. Wasichana walikaa naye uwanjani wakasuka nywele mpaka jioni. Mlinzi wa goli ndiye aliyeivunja adabu. Alisema viatu vile ni vizuri ila vinanuka, na kama mwenyewe anarudi mchezoni avifue kwanza.

Eneresi alikuja kweli, hakungoja mwisho wa mwezi. Alilala mkeka mmoja na binti wa kaka yake, mlango umefungwa, kama shangazi wa zamani, na Zivanayi akasikika akiuliza kama simu imezaa mtu.

Haikuwa safari fupi. Kulikuwa na siku Ruva alirudi kutoka kwa Muchaneta amechoka kuliko alivyokwenda, na majuma ambayo mbwa alinenepa tena. Kisha kulikuwa na majuma ambayo mbwa alikonda. Mzee alijifunza kukaa jikoni bila kusema kitu, jambo ambalo majirani hawakuliamini mpaka walipokuja kuchungulia. Siku nyingine Ruva alimzungumzia baba yake, na Zivanayi hakumwigiza. Aliitikia tu.

Mvua za kwanza zilipokwisha kuanguka, ukaja msiba mwingine kijijini, wa bibi mmoja aliyekula miaka mingi. Zivanayi hakuwa sahwira wa ukoo ule, kwa hiyo alikaa na waombolezaji kama mtu wa kawaida, akinung'unika juu ya hema na zulia la kijani. Ruva alikuwa anapakua chakula. Alimfikia mzee, akamwekea sadza na kipande cha nyama. Zivanayi akaitazama ile nyama. Kwa tahadhari, kama mtu anayejaribu maji kwa kidole, akasema huyu ng'ombe lazima alikufa kwa aibu.

Ruva akaweka beseni chini. Akaweka mkono kiunoni.

"Babu, huyo ng'ombe alikuwa rika lako," akasema, na watu wa hema zima wakasikia. "Yeye alijua wakati wa kuondoka mezani. Wewe umefuata harufu kijiji kizima, msiba si wako, na unachagua nyama."

Watu walilipuka kwa kicheko. Zivanayi Gwenzi aliinuka, akaanza kupiga makofi kwa mikono iliyokunjwa kama yanavyopigwa mbele ya mkubwa, akapiga na kupiga, machozi yanaingia kwenye mikunjo ya mashavu, na kila aliyemuuliza kulikoni alimjibu kwamba ametukanwa, ametukanwa vizuri, na mtoto wa Kenias.

Ruva alimaliza shule mwaka uliofuata, na mama yake akapata kazi ya kushona Gweru, karibu na Eneresi. Muchaneta aliwaandalia mtu wa kumwona huko, kwa siku ambazo giza lingerudi. Nyumba ya Marozva ikafungwa. Nyasi zimefika madirishani, na hakuna jiko la kuingia bila hodi.

Mara ya mwisho Zivanayi alipowaona ilikuwa asubuhi walipokuwa wanashuka kwenda barabarani na mizigo yao. Walikuwa wanabishana juu ya sanduku la nguo, kwamba ni zito mno, kwamba nani aliyeziweka zote hizo humo, na Ruva anasema hata moja haachi, na mama yake anasema basi lazima wewe ubebe, na wote wawili wanavuta mpini mmoja, wanasimama, wanacheka, wanavuta tena. Mzee alikuwa zizini kwa mbuzi wake. Alinuia kuwaita awatukane kwa mara ya mwisho. Akaacha. Alisimama akiwasikiliza wakigombana mpaka sauti zao zikapotelea kwenye kona ya mto.